Mtungi wa gesi wa sonara haufai kulala ndani ya nyumba

KWA karne nyingi sonara wa pwani ya Kenya alifanya kazi yake kwa makaa. Kule Lamu na katika Mji wa Kale wa Mombasa, pete, vipuli na bangili za fedha zilitiwa lehemu kwa moto uliochochewa na mivukuto, au uliopulizwa kwa mdomo kupitia kijibomba chembamba. Kazi ilipokwisha, makaa yalififia yenyewe yakawa jivu.

Siku hizi mtungi wa gesi umetwaa nafasi ya makaa katika karakana nyingi. Gesi ile ile inayochemsha chai jikoni ndiyo inayoyeyusha fedha na kulainisha shaba. Mwale wake ni safi, huwaka mara moja, na fundi huupunguza au kuuongeza kwa kuzungusha kifundo kimoja tu.

Ukichanganyika vyema na hewa, mwale huo hufikia takriban nyuzi 1,900 za Selsiasi. Fedha huyeyuka katika nyuzi 962, dhahabu 1,064 na shaba nyekundu 1,085. Kwa hivyo fundi wa pete na hereni hahitaji tanuri kubwa wala mtambo wa bei ghali. Mtungi, mpira na tochi ya kuchomelea vinamtosha.

Urahisi huo umewafanya wengi kuanzisha karakana nyumbani. Meza huwekwa kwenye kona ya sebule au chumba cha akiba, na mtungi husukumwa chini yake. Usiku, watoto hutandikiwa godoro hatua chache kutoka hapo.

Hapo ndipo penye hatari, wala si ile ambayo wengi huidhania. Fundi huuogopa mwale kwa sababu anauona. Kinachobomoa nyumba, aghalabu, ni gesi ambayo haijawaka, iliyovuja polepole wakati hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

Nzito kuliko hewa

Gesi inayouzwa humu nchini kwa matumizi ya nyumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, ambao hukandamizwa hadi ukawa kiowevu ndani ya mtungi wa chuma. Lita moja ya kiowevu hicho ikitoka nje hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi.

Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani karibu mara mbili. Gesi hii haipandi darini kama moshi. Hutiririka sakafuni mithili ya maji, hupenya chini ya mlango, huingia mtaroni na kutuama chini ya kitanda. Cheche ya kuilipua yaweza kutoka kwenye swichi ya taa, kwenye friji inayojiwasha yenyewe usiku wa manane, au kwenye jiko la jirani.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kuta za futi 8, kina mita 22 hivi za ujazo wa hewa. Gesi ya mtungi huanza kuwa na uwezo wa kulipuka inapofikia takriban asilimia 2 ya hewa hiyo. Kwa chumba kizima, kiasi hicho ni kilo moja tu ya gesi au pungufu, ilhali mtungi mdogo unaopatikana katika nyumba nyingi una kilo 6. Isitoshe, kwa kuwa gesi hujikusanya chini badala ya kuenea sawasawa, hata kiasi kidogo kuliko hicho kinaweza kuleta maafa.

Gesi yenyewe haina harufu. Kile kinachonukia mithili ya kitunguu kilichooza ni kemikali inayotiwa makusudi ili mvujo utambulike. Hata hivyo, pua huizoea harufu baada ya muda. Sonara mwenye mafua, au aliyeshinda kutwa nzima akivuta mvuke wa asidi ya kusafishia fedha, hawezi kuitegemea pua yake. Aliyelala fofofo huenda asinuse chochote.

Wengi hudhani kwamba dirisha lililo wazi linatosha. Dirisha huwa juu na gesi huwa chini. Kinachosaidia ni mlango uliofunguliwa kuelekea nje, pamoja na matundu kwenye ukuta karibu kabisa na sakafu. Dirisha lina kazi yake nyingine, nayo ni kuondoa hewa chafu itokayo kwenye mwale. Moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo huua. Ni gesi hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani, kwa hivyo asidhani mtu kwamba sonara wa kale hakuwa na hatari zake.

Mahali pa mtungi

Mtungi wa karakana unafaa kukaa nje ya nyumba, ukiwa wima, kivulini, juu ya sakafu ngumu na sawa. Usiwe chini ya dirisha wala kando ya mlango, na uwe mita 2 au zaidi kutoka kwa mtaro na shimo la maji taka, kwa sababu gesi ikiingia humo inaweza kuibukia nyumba nyingine kabisa.

Njia bora ni gesi kuingia ndani kupitia bomba la chuma au la shaba lililowekwa na fundi wa gesi aliyehitimu, kukiwa na vali ya pili mezani. Asiyeweza kugharamia hayo anaweza kuuingiza mtungi wakati wa kazi na kuutoa mara tu kazi inapokwisha. Ni usumbufu, naam, lakini mtungi wa kilo 6 hubebeka.

Hapa Mkenya yeyote atauliza: mtungi ukilala nje, si utaibwa? Swali hilo ni la haki, na ndilo linalowafanya wengi waurudishe chini ya meza. Jawabu ni kijumba cha wavu wa chuma kilichofungwa kwa kufuli na kukazwa ukutani, ambacho fundi yeyote wa jua kali anaweza kukiunda. Muhimu ni kwamba kiwe cha wavu. Sanduku la mabati lililozibwa pande zote, ambalo baadhi ya watu hulipenda kwa kuwa linaficha mtungi, huikusanya gesi iliyovuja na kuihifadhi vizuri hadi cheche itakapotokea.

Mtungi kamwe haulazwi ubavu. Ukiwa wima, vali hutoa gesi iliyo juu ya kiowevu. Ukilazwa, kiowevu chenyewe huingia mpirani, na mwale mdogo wa kutia lehemu hugeuka ghafla kuwa mkia wa moto usiodhibitika.

Mtungi unaosemekana kuwa mtupu nao ni mtungi. Huwa na mabaki ya gesi, kwa hivyo vali yake ifungwe, na uwekwe nje pamoja na mwenzake. Sonara wa nyumbani hana haja ya kuwa na zaidi ya mtungi mmoja unaotumika na mmoja wa akiba.

Anayeishi katika chumba kimoja orofa ya tatu hana pa kuutoa mtungi huo, na hakuna ujanja wa kumsaidia. Kwake yeye, lililo la busara ni kufanya nyumbani kazi zisizohitaji moto, kama kukata, kupiga msasa, kung'arisha na kutunga shanga, kisha kukodi nafasi katika karakana ya mwenzake kwa zile za moto. Kwa pete nyembamba na viungo vidogo, yapo matochi ya mkononi yanayojazwa gramu chache tu za butani. Hayo yanatosha kutia lehemu, ingawa hayawezi kuyeyusha kiasi kikubwa cha fedha, na kopo la kuyajazia linafaa kuwekwa mahali penye ubaridi, mbali na meza ya kazi.

Regyuleta na mpira

Ikiwa kuna mahali ambapo karakana hutofautiana na jikoni, ni kwenye regyuleta. Ile ya jiko la kawaida la nyumbani hupunguza msukumo wa gesi hadi takriban milibaa 30, yaani sehemu ya thelathini hivi ya msukumo wa hewa tunayoishi ndani yake. Matochi mengi ya sonara huhitaji zaidi ya hapo, na yakiungwa kwenye regyuleta ya jikoni hutoa mwale dhaifu.

Basi fundi hushawishika kuiondoa regyuleta na kuunganisha mpira moja kwa moja kwenye vali. Katika joto la adhuhuri ya Mombasa, msukumo ulio ndani ya mtungi huwa mara kadhaa ya ule wa hewa. Mpira wa jikoni haukuundwa kuuhimili. Ukichomoka au kupasuka, hakuna chochote kati ya chumba na gesi yote iliyo mtungini.

Kinachofaa ni regyuleta ya gesi hii hasa, ambayo msukumo wake hurekebishwa, pamoja na mpira unaolingana nayo ambao umeandikwa ubavuni kwamba ni wa gesi ya mitungi, msukumo unaouhimili na mwaka ulioundwa. Mpira wa kunyunyizia maji bustanini haufai hata kwa siku moja, kwa kuwa gesi hii hulainisha na kula baadhi ya aina za mpira na plastiki.

Regyuleta ifae vali pia. Zamani kila kampuni humu nchini ilikuwa na vali yake, hadi kanuni za mwaka wa 2009 zilipoagiza vali za aina moja. Vipuri vya kale havijatoweka, na huuzwa pamoja na vyuma vikuukuu. Regyuleta isiyoingia kwa wepesi isilazimishwe kwa nyundo wala kuzungushiwa utepe.

Miisho ya mpira ikazwe kwa vibano vya chuma vya skrubu. Kipande cha blada ya baiskeli kilichofungwa kwa nguvu huonekana imara siku ya kwanza, kisha joto hukilegeza.

Adui mkubwa wa mpira karakanani ni kazi yenyewe. Tone la lehemu, kipande cha waya wenye moto au koleo lililotoka kwenye mwale huutoboa bila fundi kujua. Kwa hiyo mpira upitishwe nyuma ya meza au utundikwe kwa juu, usitambae sakafuni kati ya miguu ambapo kila kitu huangukia. Panya nao huutafuna. Kila juma ukunjwe kidogo kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukionyesha nyufa, ubadilishwe. Kuziba ufa kwa utepe si kuutengeneza.

Kila mtungi unapobadilishwa, viungo vyote vipakwe povu la sabuni huku gesi ikiwa imefunguliwa na tochi imefungwa. Vipovu vikiumuka, hapo panavuja. Wapo ambao bado hutafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti. Hao huupata.

Kuwasha na kuzima

Kabla ya kuwasha, mlango ufunguliwe, na nywele ndefu, ushungi na ncha za leso zifungwe nyuma. Nguo za nailoni hazifai kwa kuwa huyeyuka na kugandamana na ngozi. Meza iwe na matofali ya kuhimili moto, na chupa ya spiriti isiwe karibu.

Cheche hutangulia, gesi hufuata. Fundi huandaa kiberiti cha gumegume kwanza, kisha hufungua tochi kidogo tu na kuiwasha papo hapo. Anayefungua gesi halafu akaanza kutafuta kiberiti mifukoni huwa amejitengenezea wingu la kujiunguza.

Kuzima hufanyika kinyume cha vile wengi walivyozoea. Hufungwa vali ya mtungi kwanza, gesi iliyobaki mpirani ikaachwa iungue hadi mwale ufe wenyewe, ndipo tochi ifungwe. Kwa njia hiyo mpira hubaki mtupu usiku kucha. Anayefunga tochi pekee huacha mpira mzima ukiwa umejaa gesi, ukingojea panya.

Katika maeneo ya baridi kama vile Limuru na Nyahururu, mafundi hukumbana na tatizo jingine. Butani huchemka karibu na nyuzi sufuri, hivyo asubuhi yenye baridi kali hutoa msukumo hafifu. Gesi inapotoka kwa wingi hufyonza joto la mtungi, nao huota jasho na hata barafu upande wa chini. Hapo wengine huuweka mtungi kwenye karai la maji moto au, mbaya zaidi, huupitishia mwale wa tochi. Mtungi haupashwi moto kwa njia yoyote ile. Fundi apumzike kidogo, ausubiri upate joto la hewa, au atumie mtungi mkubwa wa kilo 13, ambao una eneo pana zaidi la kupokea joto na hivyo haupoi haraka.

Wanaoyeyusha dhahabu kwa wingi huongeza mtungi wa oksijeni, na mwale hupanda hadi karibu nyuzi 2,800. Hiyo si kazi ya kujifunzia sebuleni. Itoshe kusema kwamba gesi huwashwa kwanza ndipo oksijeni ifunguliwe, na wakati wa kuzima oksijeni hutangulia. Vali za oksijeni hazipakwi mafuta wala grisi kamwe, kwani mafuta yakikutana na oksijeni yenye msukumo mkubwa yaweza kuwaka bila kiberiti. Mipira yote miwili iwe na vizuizi vya moto kurudi nyuma.

Mtungi ulitoka wapi?

Usalama huanzia dukani. Kiowevu huachiwa nafasi mtungini, na kwa kawaida hujazwa hadi asilimia 80 tu, kwa sababu hupanuka kunapokuwa na joto. Anayejaza mitungi vichochoroni hana mizani ya kuaminika wala haja ya kuacha nafasi hiyo.

Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi jijini Nairobi katika eneo lililokuwa likijazia mitungi kinyume cha sheria, na moto ukasambaa hadi kwenye makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kujenga kituo hapo mwaka wa 2023.

Mnunuzi hana uwezo wa kuona ndani ya mtungi, ila anaweza kuupima. Uzito wa mtungi mtupu huwa umepigwa chapa kwenye chuma karibu na shingo. Ukijumlishwa na kilo za gesi zilizonunuliwa, ndio uzito unaopaswa kuonekana kwenye mizani. Uliozidi ni wa kukataliwa sawa na uliopungua, na vivyo hivyo usiokuwa na lakiri ya kampuni au ulioliwa na kutu kwenye kitako. Unaponing'inizwa ubavu kwenye bodaboda, hata mtungi mzuri hugeuka kuwa mzigo wa hatari.

Harufu ikisikika

Harufu ya gesi ikisikika, mwale wowote uzimwe na vali ya mtungi ifungwe. Swichi za stima zisiguswe, iwe ni kuwasha au kuzima, na feni isiwashwe. Simu ipigwe ukiwa nje. Milango ifunguliwe, watu watoke, na jirani wa chini aarifiwe kwa kuwa gesi hushuka kwake. Mtungi unaovuja kwenye vali hubebwa nje polepole, ukiwa wima, hadi mahali palipo wazi.

Ikiwa gesi inayovuja tayari inawaka, lililo la kwanza ni kufunga vali, mkono ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Mwale usizimwe kwa maji au poda huku gesi ikiendelea kutoka, kwa sababu gesi hiyo itajaa chumbani na kulipuka. Kizima-moto cha poda kavu ni cha kuzima vitu vingine vilivyoshika moto, nacho hutundikwa karibu na mlango wala si juu ya meza. Vali isipofikika, au moto ukiwa umeuzingira mtungi wenyewe, hakuna cha kuokoa humo ndani. Watu wote wakimbie na wapige simu 999 au 112.

Sonara huenda asiwepo siku hiyo. Anaweza kuwa sokoni akiuza hereni, au kwa mteja akipima kidole. Atakayekuwa nyumbani ni mke, mume, mama mkwe au kijana wa darasa la saba. Hao ndio wanaofaa kuonyeshwa mtungi ulipo, ufunguo wa kijumba unapotundikwa, na namna vali inavyofungwa: kwa kuizungusha kuelekea mkono wa kulia, kama kifuniko cha chupa, hadi ikatae. Kila mmoja ajaribu kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili au tatu, moto ukiwa haupo.